Nguzo mbili, mita moja: kisa cha umeme wa nyumba ya Katoyi, Goma

Kisa hiki ni cha nyumba ya shangazi yangu katika mtaa wa Katoyi, komuni ya Karisimbi, mjini Goma. Nilikifuatilia tangu Januari hadi Septemba 2023 kwa sababu mimi ndiye niliyeitwa kupiga hesabu, na kwa ruhusa yake ninakieleza chote, pamoja na mahali nilipokosea. Kampuni mbili zilizompa bei ninaziita ya kwanza na ya pili, bila majina. Bei zenyewe ni za karatasi alizopewa yeye kwa wakati ule. Mtu wa avenyu nyingine angepewa karatasi nyingine.

Kwanza nieleze jinsi mtu wa Goma alivyofika hatua ya kujiuliza anunue umeme kwa nani, maana wazazi wetu hawakuwahi kujiuliza. Kwa miongo mingi jibu lilikuwa SNEL tu, shirika la taifa lililoundwa mwaka 1970, na umeme wetu ulitoka Bukavu, kwenye mabwawa ya mto Ruzizi: Ruzizi I iliyoanza mwaka 1958 na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo Kongo inaichangia na Rwanda na Burundi. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ndiyo iliyofungua mlango kwa wazalishaji na wasambazaji wengine. Mwishoni mwa 2015 kilizinduliwa kituo cha maji cha Matebe huko Rutshuru, chenye megawati 13.8, kilichojengwa chini ya usimamizi wa mbuga ya Virunga, na mwaka 2020 kampuni iitwayo Nuru ikawasha hapa mjini mtambo wa jua wa megawati 1.3 wenye betri. Ndiyo sababu katika baadhi ya avenyu zetu utaona nguzo za kampuni mbili zikisimama hatua chache kutoka moja hadi nyingine, jambo ambalo mgeni kutoka miji mingine ya Kongo hulitazama kwa mshangao.

Shangazi ni mpangaji. Parseli, yaani kiwanja anamoishi, ina nyumba nne za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkano, na zote nne zilitumia mita moja ya kulipia kabla, ile ambayo hapa kila mtu huiita kashipawa, iliyoandikwa kwa jina la mwenye parseli. Mwenye parseli ndiye aliyenunua yuniti, kisha akawatoza wapangaji kwa vyombo walivyo navyo: dola moja kwa kila taa, dola nne kwa televisheni, dola kumi na tano kwa friza. Shangazi alikuwa na taa sita, televisheni moja na friza, kwa hiyo alilipa dola 25 kila mwezi, umeme uwepo au usiwepo. Friza si ya anasa. Asubuhi hununua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku, zile zisizoisha siku hiyo huzigandisha, na siku ambayo wavuvi wamerudi mikono mitupu ndizo zinazomlisha yeye na watoto wanne na mama mkwe wake.

Malalamiko yake yalikuwa mawili. Aliona dola 25 ni nyingi, na aliona kuran, yaani umeme, ya kampuni ya kwanza iliyokuwa ikihudumia parseli ni mbovu. Katika miezi mitatu iliyotangulia aliwahi kutupa sambaza mara mbili, jumla kilo tisa, ambazo kwa bei yake ya dola nne kwa kilo ni dola 36. Jirani mmoja alikuwa amehamia kampuni ya pili na kuisifu sana, basi shangazi akanipigia simu. «Mwanangu,» akasema, «uje unihesabie, nataka nitoke kwa hawa niende kwa wale.»

Nilimwomba siku kumi kabla ya kutoka kwa yeyote. Fundi mmoja wa mtaa wa Majengo aliniazima kipimo kidogo kinachochomekwa ukutani kati ya soketi na chombo, tukakiweka kwenye friza. Kijana wake wa miaka kumi na minne alipewa kazi ya kuandika, nyuma ya daftari la shule, saa umeme ulipoenda na saa uliporudi. Nikamwongezea jukumu moja ambalo mwanzoni lilimchekesha: kila umeme unapokatika, apande juu ya jiwe lililo karibu na choo, achungulie upande wa pili wa uzio, aone kama taa ya mlangoni kwa jirani inawaka. Jirani yule wa nyuma alikuwa kwenye laini ileile ya kampuni ya kwanza, ila kwa mita yake mwenyewe.

Daftari hilo ndilo lililobadilisha shauri lote. Katika saa 240 nyumba ya shangazi ilikosa umeme saa 61. Lakini katika saa 44 kati ya hizo, taa ya jirani ilikuwa inawaka. Maana yake ni kwamba giza lililotoka kwa kampuni lilikuwa la saa 17 tu. Lililobaki lilizaliwa ndani ya parseli. Tulipolifuatilia tukakuta sababu mbili. Ya kwanza, yuniti zilikuwa zikiisha mwenye parseli akiwa safarini au akiwa hana pesa, na wapangaji wanne wakamngoja mtu mmoja. Ya pili, mita ile ilikuwa na diskonta, yaani swichi inayojizima mzigo unapozidi, ya ampea 5, ambayo kwa volti 220 hubeba wati 1,100 kwa wakati mmoja. Friza, televisheni nne, taa ishirini na kitu, halafu saa moja jioni mpangaji wa nyumba ya mwisho anachomeka pasi: diskonta inaruka, na kisanduku kimefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyeko mjini. Shangazi alikuwa ameilaumu kampuni mwaka mzima kwa kosa la pasi ya jirani yake. Simlaumu, maana ndani ya giza hakuna anayejua ni nani aliyezima.

Tukaja kwenye matumizi. Kwa siku kumi friza ilikula kilowati-saa 14, yaani 1.4 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni 42. Taa sita za wati 9 kwa saa tano kila jioni zinafanya karibu 8. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano, 9. Pasi ya wati 1,000 kwa saa mbili kila wiki, zaidi kidogo ya 8. Simu na redio, kama 2. Jumla ni karibu kilowati-saa 70 kwa mwezi. Kwa bei ambayo kampuni ya kwanza ilikuwa ikimtoza mwenye parseli, senti 25 kwa kilowati-saa, hizo ni dola 17 na nusu. Shangazi alikuwa akilipa 25. Sikumwita mwenye parseli mwizi, kwa sababu tofauti hiyo pia ililipia taa ya uani na upotevu wa nyaya kuukuu. Lakini kwa mpangaji mwenye friza ilikuwa ni kodi ya pili juu ya kodi ya nyumba.

Hapa niligusia jambo ambalo shangazi hakuniomba: makala, yaani mkaa wa kupikia. Alikuwa akinunua gunia kwa dola 30, nalo lilidumu siku 24, hivyo mbabula, jiko lake la makala, ilimgharimu dola 37 na nusu kwa mwezi, zaidi ya umeme wote wa nyumba. Makala ya Goma hutoka Virunga na Masisi, na barabara ya Sake au ya Rutshuru ikichafuka gunia hupanda bei siku hiyohiyo. Nilimwambia kwamba anayetafuta nafuu kwenye umeme peke yake anatafuta sindano chini ya taa kwa sababu hapo ndipo panapoonekana. Akakubali kununua sufuria ya umeme ya presha, ya wati 900, kwa dola 55, kwa ajili ya maharage, wali na maji ya chai. Bugali hapana. «Bugali ya mashine si bugali,» alisema, na mama mkwe akaunga mkono kwa sauti. Nami sikuona faida ya kushindana nao wawili. Kwa makadirio yetu sufuria ingetumia kilowati-saa 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi, na gunia la makala lingedumu mara mbili ya muda wake.

Kwa hiyo hatukuwa tena tunatafuta bei ya kilowati-saa 70, bali ya 106, na karatasi za kampuni mbili zikabadilika sura. Kampuni ya kwanza ilitoza senti 25 kwa kilowati-saa na basi. Ya pili ilitoza senti 22, na hiyo ndiyo namba ambayo jirani aliyehama alikuwa akiitaja barabarani, lakini chini ya karatasi palikuwa na dola tatu za kila mwezi za huduma, utumie usitumie. Senti tatu za nafuu hufidia dola tatu za huduma mtu anapofika kilowati-saa 100 kamili. Chini ya hapo kampuni yenye bei ndogo ndiyo ghali. Kwa matumizi ya awali ya 70, shangazi angelipa 17.50 kwa ya kwanza na 18.40 kwa ya pili. Kwa 106, angelipa 26.50 kwa ya kwanza na 26.32 kwa ya pili. Senti kumi na nane kwa mwezi. Nilipomwonyesha alicheka, kwa sababu alikuwa tayari amegombana na dada yake juu ya kampuni ipi inawaibia watu.

Bei ilipokwisha kulingana, mambo mengine yakajitokeza yenye uzito. Kuunganishwa kwa kampuni ya kwanza kulikuwa dola 120 kwa mita ya ampea 5, na 40 zaidi kwa ampea 10. Na ampea 5 zisingetosha, kwa sababu sufuria ya wati 900 pamoja na friza inayoanza kuzunguka zingeirusha diskonta kila mara maharage yanapokaribia kuiva. Kwa hiyo dola 160, zote taslimu. Kampuni ya pili iliweka ampea 10 tangu mwanzo, ikataka dola 60 mkononi na nyingine 80 kwa awamu ya dola kumi kumi kwa miezi minane. Hapo ilikuwa inavutia sana. Lakini kebo ya bure ilikuwa ya mita 30 kutoka nguzoni, na nguzo yake ya karibu ilikuwa upande wa pili wa avenyu, mita 65 kwa kipimo cha fundi. Mita 35 zilizozidi zilitozwa dola moja na nusu kila moja, jumla dola 52 na nusu. Nguzo ya kampuni ya kwanza iligusana na uzio wa parseli. Kwa mwaka wa kwanza mzima, kuunganishwa pamoja na matumizi, kampuni ya kwanza ilifika dola 478 na ya pili dola 508. Wauzaji wa kampuni zote mbili walikuwa watu wa adabu na walijibu kila nilichouliza. Ila hakuna hata mmoja aliyenieleza habari ya umbali wa nguzo au ya ampea kabla sijauliza.

Alikuja pia kijana mwenye kuuza paneli za jua, akiwa na paneli ya wati 100 na betri yake. Kwa taa na simu ingefaa kabisa. Kwa siku ya jua la kawaida paneli hiyo huzalisha karibu nusu ya kilowati-saa, na friza peke yake ilitaka karibu mara tatu ya hiyo. Tulimpa chai, akaenda zake.

Shangazi hakuwa na dola 160. Alikuwa na zamu ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, iliyomfikia mwezi wa Machi, dola 200, na swali likawa achukue kampuni ya pili mara moja kwa dola 112 na nusu za kukopa, au avumilie giza la diskonta hadi Machi. Nilimshauri angoje. Hadi leo ninaamini ulikuwa ushauri mzuri, ingawa Februari alitupa tena kilo mbili za sambaza na hakunificha uchungu wake.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko hesabu zote: mita mpya ingekuwa mali ya nani? Mpangaji akihama, mita hubaki ukutani. Mwenye parseli alikuwa mtu mpole lakini alikuwa na msimamo. «Mama,» alisema, «kashipawa ikishaingia katika parseli ni ya parseli.» Shangazi hakubisha. Alimjibu kwamba, «Mzee, nakubali, basi tuilipe wote wawili, mimi nitaitumia na wewe utaimiliki.» Walifika mbele ya shefu wa avenyu, wakaandika kwamba mpangaji atalipa dola 160 za kuunganishwa, na kodi ya nyumba itapunguzwa dola kumi kwa miezi minane, yaani nusu ya gharama. Kifungu kingine kinasema kwamba akihamishwa kabla ya miezi hiyo kwisha, kilichobaki kitaongezwa kwenye garanti, ile amana ya nyumba, atakayorudishiwa. Ninawasihi wapangaji wasiipite hatua hii haraka. Katika mitaa yetu nimeona watu waliolipa nguzo, kebo na mita, kisha baada ya miezi mitatu wakaambiwa nyumba imepata mpangaji mwingine mwenye kulipa zaidi, kwa sababu sasa ina umeme wake.

Mita iliwashwa katikati ya Aprili. Tarakimu ishirini za yuniti za kwanza zilifika kwenye simu, shangazi akazisoma kwa sauti nne nne na kijana akazibonyeza, na alipokosea moja nyumba nzima ikapiga kelele. Mwezi wa Mei, ambao ulikuwa mwezi kamili wa kwanza, nilikwenda kusoma mita nikitarajia 106. Nilikuta 131.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeipima friza katika siku kumi ambazo umeme ulikosekana robo ya muda. Friza isiyo na umeme haili kitu, nami nikaichukua njaa hiyo kama tabia yake. Sasa ilikuwa inapata umeme karibu mchana kutwa na usiku kucha, na kipimo kilionyesha 2.1 kwa siku. Yeyote anayepima matumizi yake kwenye laini inayokatika agawanye kwa saa ambazo umeme ulikuwepo, si kwa siku zote. Kwa hesabu hiyo, 14 kwa saa 179 zingenipa karibu 1.9 kwa siku, na nisingeshtuka sana.

Lakini hata 2.1 ilikuwa nyingi kwa friza ya ukubwa ule. Shangazi alifungua mlango, akaweka noti ya faranga 500 kwenye ukingo, akafunga, akaivuta: ikatoka bila kushikwa. Alirudia pembe zote nne, na upande wa bawaba noti ilishikwa, upande wa mkono haikushikwa hata kidogo. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupinda, na barafu iliyojaa ndani ilikuwa ni hewa ya jikoni iliyoingia humo siku baada ya siku. Isitoshe friza ilisimama mkono mmoja tu kutoka mbabula. Fundi aliupasha mpira kwa maji ya moto, akaunyoosha na kuurudisha, friza ikahamishiwa ukuta wa chumba cha kulala, barafu ikayeyushwa. Kazi yote iligharimu dola nne. Matumizi yakashuka hadi 1.6 kwa siku, na Julai mita ilisomeka 112.

Kwa hiyo hadi Septemba ile hali ilikuwa hii. Umeme, dola 28 kwa mwezi. Makala, gunia moja kwa siku 48, karibu dola 19. Jumla dola 47, mahali pa 62 na nusu za zamani, na tangu Aprili hakuwa ametupa samaki. Akitoa nusu ya kuunganishwa aliyolipa mwenyewe, dola 80, na sufuria ya 55, pesa yake ingerudi katika muda usiofika miezi tisa, hata bila kuhesabu sambaza. Katika nafuu hiyo ya dola kumi na tano na ushee, kubadili kampuni kusingeleta hata nusu dola: kwa kilowati-saa 112 kampuni ya pili ingekuwa nafuu kwa senti 36. Nafuu yote ilitoka kwenye mita yake mwenyewe, kwenye sufuria na kwenye mpira wa mlango.

Sisemi kwamba kampuni ya pili ilikuwa chaguo baya. Kama nguzo yake ingekuwa kwenye uzio, ningemwelekeza huko bila kusita kwa sababu ya zile awamu nane, maana mtu asiye na likelemba hawezi kutoa 160 kwa siku moja, na awamu ni sehemu ya bei hata kama hazitajwi kwenye bei. Jirani aliyehama naye hakukosea: yeye ana saluni yenye mashine za kukaushia nywele, anatumia zaidi ya 200 kwa mwezi, na kwake senti tatu zinafanya dola tatu za nafuu safi baada ya kulipa huduma. Ugomvi wa shangazi na dada yake ulikuwa wa watu wawili wenye haki, kila mmoja kwa nyumba yake.

Mwezi wa Septemba mpangaji wa nyumba ya mwisho, yule wa pasi, alikuja kuomba karatasi ya makubaliano ainakili. Shangazi aliitoa kwenye mfuko wa plastiki anamoweka mkataba wa nyumba na kadi za chanjo za watoto, akamruhusu aipige picha kwa simu, kisha akaihesabu kwa kidole: miezi mitano ya kodi imekwisha kupunguzwa, imebaki mitatu.